Mtungi wa Chasib

Friji ikishushwa kwenye ua wa kituo, Chasib hakukimbilia vyombo. Aliizunguka kwanza, mikono nyuma, kama mtu aliyeletewa ng'ombe na muuzaji asiyemwamini. Kisha alipiga goti upande wa nyuma, akachukua kitambaa kilicholowa mafuta ya taa na kusugua kile kibati kinachotaja aina ya gesi mpaka namba ikajitokeza. "Kumi na mbili," alisema. Au: "Tupu hii. Wameshaichinja njiani."

Kuichinja maana yake ni kukata mirija ya shaba kwa shoka ili kuiuza. Wanunuzi wa skrepa wa Basra wote walifanya hivyo, na Salman, mpakuaji wetu, alikuwa mmoja wao kwa miaka kumi na tano. "Nimechinja friji elfu kabla sijatubu," alipenda kusema. "Ilikuwa inalia pssss, mimi nageuza uso tu, kama ninavyomgeuzia mama mkwe."

"Mama mkwe wako ana haki ya kulia," Chasib alimjibu. "Kamuoza binti yake kwa shoka."

Kituo kilikuwa banda la bati na ua wa zege, nje ya mji, njia ya kwenda Zubair, jirani na uwanja wa wavunja magari. Kazi yake ilikuwa moja: kuvuta gesi kutoka kwenye friji za zamani kabla hazijavunjwa, isije ikapanda juu na kuendelea kutafuna lile pazia linalotukinga na jua. Watu walikuwa watatu. Mhandisi Ibtihal, mwanamke wa miaka thelathini na saba asiyeinua sauti, ndiye mkuu. Salman alipakua na kupakia. Chasib, au Abu Hatim kama mji ulivyomwita, ndiye fundi. Mimi nilifika mara moja kwa wiki kufasiri karatasi, kwa kuwa wafadhili waliandika kwa lugha yao na idara ya mji mkuu ilijibu kwa lugha yake, na Ibtihal alikaa katikati kama mtu aliyealikwa harusi mbili saa moja.

Sharti la wafadhili lilikuwa rahisi kulieleza. Mtungi wa kwanza, kilo hamsini, ujazwe gesi safi ya namba kumi na mbili, ile ya zamani, mbaya kuliko zote. Sampuli ipelekwe ng'ambo ipimwe. Ikiwa safi, mtungi utachukuliwa ukaharibiwe kwenye tanuri maalumu na kituo kitaendelea kwa miaka mitatu. Ikiwa imechanganyika na kitu kingine, hakuna tanuri litakaloipokea, na mashine itahamishiwa mji mwingine.

Friji moja ya nyumbani, ikifika na roho yake, hutoa gramu mia moja na ushei. Piga hesabu mwenyewe ni friji ngapi. Tulianza mwezi wa tisa. Mwaka mzima ulipita na mtungi haujafika nusu.

Ibtihal aliutaka mtungi ule kwa sababu ndiyo kazi yake. Chasib aliutaka kwa namna nyingine. Alikuwa na miaka sitini na miwili, mrefu, bega moja limeshuka kwa kubeba kompresa, masharubu yakipakwa rangi nyeusi kila Alhamisi. Ufundi aliupata jeshini, akiwa na miaka ishirini, kwenye malori ya baridi yaliyoleta maiti kutoka mapigano ya Faw. "Mashine ikizima tunaitwa sisi," aliniambia. "Tunatengeneza kwa nje. Mlango wa nyuma hatufungui, na dereva hatumwulizi kitu." Alipotoka jeshini alifungua kibanda sokoni Ashar, na tangu hapo alichofanya ni kuachia gesi. Kila friji iliyoharibika ilifunguliwa kwanza, gesi ikaenda zake, kisha ikatengenezwa na kujazwa upya.

"Miaka arobaini nimeipeleka juu, ustadhi," alisema siku moja, akiwa amekaa juu ya kreti na istikani ya chai mkononi. "Nataka mtungi mmoja tu. Mmoja niuone umejaa, niseme huu haukwenda."

Kulikuwa na tatizo ambalo sote tulilijua. Katika miaka ya vikwazo, gesi ya friji haikuingia nchini. Joto la Basra halingoji siasa, na mafundi wakaanza kujaza friji kwa gesi ya jikoni, ile ile ya kupikia. Inagandisha vizuri sana. Ila mama wa nyumba akijua kwamba friji iliyo karibu na jiko lake imebeba gesi ya jiko, ataitoa nje siku hiyo hiyo, na maziwa ya watoto yataharibika. Kwa hiyo hakuna fundi aliyesema wala kuandika. Kibati cha namba kiliachwa kama kilivyo. Waliita kibati heshima ya friji, na fundi aliyekikwangua alionekana mtu asiye na adabu.

Ndiyo maana tulipewa kipimo, kifaa cha ukubwa wa tofali ambacho kinaonja gesi na kusema ukweli wake. Katika kila friji nane, moja ilidanganya. Kipimo kikisema gesi ya jikoni, friji iliwekwa kando na kushughulikiwa kwa njia nyingine, isiguse mtungi. Salman alizipigia saluti hizo friji. "Jasusi mwingine," alisema. "Kibati cha Mzungu, tumbo la Basra."

Mwezi wa tatu wa mwaka wa pili kipimo kilikufa. Kioo chake kilionyesha sifuri hata ukikipulizia pumzi. Kikapelekwa mji mkuu, na mji mkuu ukasema kitapelekwa ng'ambo. Mtungi ulikuwa na kilo thelathini na tatu.

Ibtihal alituita kivulini. "Tusimame," alisema. "Mpaka kirudi."

"Kitarudi lini, mhandisi?" Chasib aliuliza.

"Hawajui."

"Basi hakirudi. Na mwezi wa sita ndio mwisho wa muda wetu." Akagonga pua yake kwa kidole. "Gesi ya jikoni inanuka. Ukitoboa mrija, tone la mafuta linatoka. Ulitie kidoleni, ulinuse. Ulipokuwa mtoto wewe mwanangu, sisi tulipima kwa hii."

"Ni kweli, mhandisi," Salman alidakia. "Huyu sokoni Ashar walikuwa wanamletea friji aseme zinaumwa nini. Ananusa, anasema, hii mwenyewe alikuwa anaficha samaki."

Ibtihal alimgeukia Chasib. "Ami, una hakika?"

"Pua hii hapa. Haitumwi ng'ambo."

Kazi ikaendelea. Nilimwona mara nyingi akifanya: koleo lenye sindano linauma mrija, tone moja la mafuta kidoleni, kidole puani, macho yamefumbwa, kisha kichwa kinatikisika. "Kumi na mbili." Mpira unaunganishwa, mashine inanguruma, na mizani chini ya mtungi inapanda gramu kwa gramu. Mara moja moja alisema "Jikoni" na friji ikawekwa kando. Nilistaajabia utulivu wake. Mwezi wa tano tulifika kilo arobaini na nne.

Siku moja mwezi huo Salman alikuwa amekwenda kujaza maji ya kunywa, na Ibtihal yuko mjini. Pikipiki ya matairi matatu ikaingia uani na friji nyeupe imefungwa kamba, na mama mmoja mzee amekaa pembeni yake, ameikumbatia kama jamaa anayepelekwa hospitali. Alijitambulisha kuwa Umm Qays, wa mtaa wa Jumhuriya. Alisema hamwamini dereva, na angependa kuona mwenyewe wanaifanyia nini.

Chasib aliizunguka friji, akapiga goti, akasugua kibati. Aliukagua ule mkia wa mrija mahali gesi inapotiwa, ulikuwa laini na umepakwa rangi nyeusi ya kiwanda. Akatoboa, akanusa kidole. "Kumi na mbili." Akaunganisha mpira na mashine ikaanza.

Umm Qays alikuwa amemkodolea macho. "Wewe si Chasib? Chasib wa Ashar?"

"Ndiye, hajjat."

"Mungu wangu, umezeeka! Sharubu tu ndizo hazikuzeeka." Akacheka, akapiga friji kwa kiganja. "Hii si uliijaza wewe? Mwaka ule Qays wangu ana homa na barafu haipatikani. Ulikaa jikoni kwangu tangu asubuhi, ukapaka mrija rangi, ukasema, Umm Qays, usiiweke karibu na jiko. Nikakuuliza kwa nini, ukasema, hilo usiulize, niulize nitakula nini. Miaka ishirini na nane! Haijawahi kuzima."

Chasib alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye mashine. Akaizima. Tayari sindano ya geji ilikuwa chini ya sifuri. Friji ilikuwa imeshatoa yote iliyokuwa nayo.

"Mungu akupe umri, hajjat," alisema.

"Wa nini sasa umri, wakati joto ni hili na friji mpya inaharibika kila mwaka? Nyinyi mlikuwa mafundi." Akaigusa friji mara ya mwisho, akapanda pikipiki, akaondoka akimkaripia dereva.

Tukabaki wawili. Yeye alikuwa bado amepiga goti, anautazama ule mrija. Aliukwangua kwa ukucha, na chini ya rangi nyeusi ikatokea kulehemu kwa mkono.

"Nilikuwa ninatazama mikia," alisema polepole. "Uliolehemewa Basra unaonekana. Hiyo ndiyo niliyokuwa ninaweka kando. Wa kiwanda nauacha upite. Nilisahau kwamba nyumba za watu tuliowaheshimu tulipaka rangi."

"Na pua, Abu Hatim?"

Akanyanyua uso. "Pua ilikufa mwaka wa ugonjwa, ule wa kufungiwa ndani. Sinusi kahawa, sinusi hata maiti. Bahija alipokuwa anakufa walichoma ubani chumba kizima, mimi naona moshi tu. Nilidhani itarudi. Madaktari walisema inarudi."

Bahija ni mkewe.

"Usimwambie binti," alisema. "Huenda ni hii moja. Gramu arobaini ndani ya kilo arobaini na nne, nani ataziona?"

"Na zile nyingine za tangu mwezi wa tatu?"

Akauchomoa mpira, akauviringa. Nami sikumwambia Ibtihal. Nilijiambia kwamba kazi yangu ni karatasi, na jambo hili halikuwa kwenye karatasi.

Tangu siku hiyo hakunusa tena mbele za watu. Alisema kumi na mbili bila kufumba macho. Nadhani alikuwa anachagua zile tu zilizotoka maghala ya serikali, ambazo hazikuwahi kupita kwa fundi yeyote, na zilikuwa chache; lakini juma la mwisho la mwezi wa sita mizani ilifika hamsini. Salman alichoma samaki uani, wakubwa, wamepasuliwa mgongo na kuegeshwa mbele ya moto, na wavunja magari wa jirani wakaja na mkate. Ibtihal alipiga picha ya mtungi. Alimtaka Chasib asimame kando yake. Picha hiyo ninayo. Ameweka mkono juu ya vali na anatazama pembeni.

Sampuli ikaenda. Majibu yakanifikia mimi mwezi wa saba, kwa kuwa yalikuwa katika lugha ya wenyewe. Kurasa mbili. Nilizisoma nyumbani mara tatu, kisha nikaenda kituoni. Ibtihal alikuwa mezani, Chasib anafunga mpira uliopasuka, Salman mlangoni.

"Isome tu, ustadhi," alisema Ibtihal. "Uso wako umeshaisoma."

Nikasoma. Asilimia moja ya mtungi ilikuwa gesi ya kupikia. Mchanganyiko unaohesabiwa kuwa wa hatari ya moto. Hauwezi kusafirishwa kwa meli wala kupokelewa na tanuri. Na kisha sentensi ya adabu ya kutushukuru kwa juhudi.

Salman ndiye aliyesema kwanza. "Wamekosea hao. Abu Hatim ananusa kila moja, nimeona kwa macho yangu. Waambie wapime tena."

"Hawakukosea," alisema Chasib. Aliuweka mpira chini. "Binti yangu, mimi sina pua. Tangu mwaka wa ugonjwa. Kila siku nilikuwa ninanusa kidole changu bure."

Nje, mtu alikuwa anapiga bati la gari kwa nyundo. Ibtihal alimwashiria Salman afunge mlango.

"Siku ile nilisema tusimame."

"Ulisema."

"Tungesimama wakati ule, ami, tungekuwa na kilo thelathini na tatu. Safi. Ningeandika barua, ningeomba muda. Thelathini na tatu wafadhili wangezichukua, walishaniambia wangezichukua kama kipimo kimekufa. Niliwauliza."

Hilo hakulijua. Wala mimi. Niliona likiingia ndani yake. Alisogea mpaka mezani.

"Hukuniambia," alisema.

"Uliniambia pua hii hapa."

"Ningesema nini?" Akaigonga pua yake kwa kidole. "Nina miaka sitini na miwili, nije kwako niseme, mwajiri, fundi wako hanusi? Ungeniweka wapi? Langoni, na kiti cha mlinzi?"

"Ningekuweka kwenye koleo, ami. Mikono yako hakuna mwenye mfano wake." Akaikunja ile karatasi mara mbili. "Unajua friji ya mama yangu aliijaza nani? Sijui. Labda wewe. Sikuwahi kuuliza. Nilikuwa ninakunywa maji ya baridi tu."

Salman alitoka nje.

Yaliyofuata yalikuwa barua. Nilifasiri kumi na moja. Ibtihal aliomba ghala salama la kuuhifadhi mtungi, wakasema Basra haina ghala la kazi hiyo. Aliomba utenganishwe kwa mtambo, wakasema mtambo huo upo nchi nyingine na mpaka hauruhusu. Aliomba wakae nao pale uani, wakasema mtungi ni wa kuazimwa, unahitajika mji mwingine pamoja na mashine. Mwisho wa mwezi wa nane simu ikapigwa. Mtungi urudishwe mtupu kabla ya Alhamisi.

"Mtupu kivipi?" Ibtihal aliuliza. Nilikuwa nimekaa kando yake. Upande wa pili mtu alisema hilo ni suala la kiufundi.

Alirudia swali. Mtu akasema ana mkutano.

Siku ya Jumatano alasiri haijaingia, joto nyuzi arobaini na tisa, Chasib alikuja amevaa kanzu safi ya dishdasha, mikono yake ameikunja. Ibtihal alimwambia hahitaji kuja, Salman anaweza.

"Salman ataufungua kama bomba la maji," alisema Chasib. "Na wale wavunja magari wana moto wa kukatia. Waambie wazime."

Kisha hakungoja, akaenda mwenyewe kuwaambia. Wakazima, wakaja kusimama ukutani na sigara zisizowashwa vidoleni. Mtungi aliuacha juu ya mizani. Alitupa vumbi hewani kuona upepo unakwenda wapi, akavuta kreti, akaketi upande unakotoka upepo, akafungua vali robo mzunguko.

Kelele ilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia. Nilifikiri itakuwa jambo la dakika chache, tugeuze uso na liishe. Lakini gesi ikitoka inapoza kile kilichobaki, na kadiri kinavyopoa ndivyo kinavyokataa kutoka. Baada ya robo saa kelele ikawa mluzi, na mtungi ukaanza kuota barafu kuanzia chini, nyeupe kama chumvi, katika jua lile. Mizani ilisema thelathini na sita. Ikakaa hapo.

"Funga, tungoje upate joto," alisema Ibtihal.

"Gari linakuja saa kumi," alisema Chasib.

Akainuka, akachukua ndoo, akachota maji ya tangi lililokaa juani, moto wa kuunguza mkono, akaumwagia mtungi. Barafu ikayeyuka, mluzi ukapanda tena. Ishirini na nane. Akachota nyingine. Hakumruhusu yeyote amsaidie. Kila ndoo ilifukuza kilo tano, sita, kisha barafu ikarudi, naye akarudi kwenye tangi, dishdasha imelowa mpaka magotini, bega lile lililoshuka likishuka zaidi. Ibtihal alikaa karibu na mizani akiitazama namba.

Wavunja magari walichoka kusimama. Mmoja wao akaja na chupa ya maji, akaiegemeza kwenye barafu ya mtungi. Mwingine akaleta tatu. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, na pale uani hapakuwa na kitu kingine cha baridi. Salman alitaka kuwafukuza, kisha akaenda kuleta na zetu.

Karibu na saa kumi mluzi ulikwisha. Mizani ilisimama kwenye sifuri, mtungi umebaki chuma kitupu. Salman aliitoa chupa moja, imegandiana na barafu, akaifuta kwa shati lake.

"Kunywa, Abu Hatim. Baridi kweli."

Chasib aliitazama. Kisha akainywa yote, kichwa nyuma, koo lake likipanda na kushuka, kwa sababu alikuwa na kiu. Alipomaliza aliinamia mtungi, akafunga vali, akaijaribu mara mbili kwa mkono ili isivuje.